Pumzi ya Mama Pindo

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, naye hakulikataa. Kwa miaka ishirini na saba alikaa na cherehani yake kwenye ujia wa ghorofa ya chini, kati ya duka la dawa na ngazi, akikunja mapindo ya suruali za watu waliokuwa na haraka. Mteja anasubiri nyuma ya pazia, suruali iko mezani, naye anashona huku akimpigia kelele: "Tulia baba, pindo la haraka hufumukia barabarani." Watu walicheka, wakavaa, wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza anaitwa nani hasa, na yeye si mtu wa kujipendekeza.

Mteja aliyemgeuzia maisha alikuja na koti jeupe. Alikuwa msichana mwembamba, mhandisi katika karakana ndogo iliyokuwa ghorofa ya tatu ya jengo lilelile, na mikono ya koti lake ilikuwa mirefu hadi inameza vidole. Mama Pindo aliipunguza, akaikunja, akapiga mishono midogo kiasi kwamba mwenye koti alipoitafuta hakuiona. Aligeuza mkono wa koti huku na huku, akausogeza karibu na macho.

"Mama, hapa umetumia mashine?"

"Mkono. Mashine haina adabu kwenye kitambaa chembamba."

Mhandisi hakuondoka. Alitia mkono mfukoni, akatoa kipande cha mpira angavu, laini, ukubwa wa stempu, na kibomba chembamba cha chuma chenye makali mdomoni. Akamwonyesha kiduara kisichozidi kichwa cha pini. "Unaweza kutoboa hapa bila kuchana pembeni? Sisi tumeshaharibu thelathini."

Mama Pindo alivaa miwani, akashika kile kibomba kama anavyoshika sindano, akakizungusha polepole hadi kikazama. Tundu lilitoka safi. Mhandisi aliliangalia kwa muda, kisha akamtazama yule mwanamke kama mtu aliyeokota pete njiani. Mwezi uliofuata cherehani ilifunikwa shuka, na Mama Pindo akapanda ghorofa ya tatu.

Kile kipande waliita chipu. Ndani yake kulikuwa na mifereji myembamba kuliko unywele, iliyochorwa na Mhandisi kwa miaka mitatu, akifuta na kuchora upya. Mgonjwa anapanguswa puani kwa kijiti cha pamba, kijiti kinakorogwa kwenye maji ya dawa, tone moja linatiwa kwenye tundu. Tone hilo husafiri lenyewe, bila pampu wala betri, kama mafuta yanavyopanda utambi wa taa, hadi kwenye kijichumba cha mwisho. Hapo linakutana na dawa iliyokaushwa. Kama kirusi cha mafua makali kimo, hata kiwe kidogo namna gani, baada ya dakika ishirini kijichumba kinawaka kijani chini ya taa ya buluu. Kama hakimo, hakiwaki. Hakuna kupeleka chupa mjini, hakuna kusubiri majibu wiki nzima mgonjwa akizidi kuishiwa nguvu.

Kazi ya Mama Pindo ilikuwa matundu. Ute mzito kama asali ulimiminwa kwenye kalibu, ukaokwa kwenye tanuri dogo, ukabanduliwa, ukakatwa vipande. Kisha vipande vilimjia yeye mezani, arobaini kwa sinia, atoboe na kukagua kwa kioo cha kukuzia. Mkuu wa karakana, mwanamume wa maneno machache na chai nyingi, alikuwa akipita nyuma yake, anainama, anatazama, anasema "Mm," anapita. Kwa watu wa pale hiyo "Mm" ilikuwa sawa na kupigiwa vigelegele.

Tusifiche: Mama Pindo alikipenda kile kiti kuliko alivyowahi kupenda kiti chochote. Kule chini alikuwa fundi wa kupitiwa njiani. Huku juu walimwita jicho la karakana. Mgeni akija, Mhandisi alimpeleka kwanza mezani pa Mama Pindo, akisema, "Huyu ndiye mama yetu wa matundu." Jioni alimsimulia mumewe habari za mifereji na matone mpaka mzee wa watu akaanza kusinzia kwa adabu, kichwa kikiitikia.

Lakini kile kiti kilikuwa na masharti, na masharti hayakuwa ya mzaha. Uchafu hauingii. Viatu mlangoni, koti jeupe, kofia ya nywele, barakoa. Mwaka ule fundi wa tanuri alikutwa anakula mkate karibu na sinia. Hakugombezwa. Mkuu alimwambia tu asante kwa kazi yako, na kesho yake tanuri lilikuwa na mtu mwingine. Ukutani, juu ya meza ya matundu, Mhandisi alikuwa amebandika karatasi kwa herufi kubwa: HAPA HATUPULIZI. Maana mpira ukitobolewa huacha vichembe, na vichembe viliondolewa kwa selotepu: unabandika, unabandua, vimetoka navyo.

Sasa hapa ndipo pa kumsema Mama Pindo kidogo. Mazoea yana taabu. Mtu aliyepuliza vumbi la chaki kwenye vitambaa miaka ishirini na saba, midomo yake inajua kazi kabla kichwa hakijapewa taarifa. Selotepu aliitumia, ndiyo, na aliitumia kwa uaminifu. Ila kichembe kimoja kimoja kilikuwa na ukaidi, kinang'ang'ania ukingo wa tundu, selotepu inapita juu yake kama haikioni. Na miwani nayo, kwa sababu ya barakoa, inaingia ukungu. Basi anashusha barakoa kidogo ili aone, na akishaona, phuu. Kichembe kimekwenda. Barakoa inarudi juu. Yeye mwenyewe, ukimuuliza jioni, angekuapia kwamba siku nzima hakupuliza hata mara moja, na asingekuwa anadanganya. Karatasi ya ukutani aliisoma kila asubuhi kama tangazo la watu wengine.

Wiki yenyewe ilianza vibaya. Wakaguzi wa wizara walikuwa waje Alhamisi kuamua kama chipu inafaa kupelekwa kwenye vituo vya afya. Jumatatu Mhandisi alichukua chipu arobaini zilizotobolewa Ijumaa, akazijaza maji safi matupu. Ni jaribio la kawaida: maji hayana kirusi, kwa hiyo chipu zote zikae kimya. Baada ya dakika ishirini aliwasha taa ya buluu, na kumi na moja zikamwakia kijani.

Alibadilisha maji, akabadilisha dawa, akaosha kalibu kwa mikono yake. Jumanne akajaza sinia lililotobolewa Jumatatu. Tisa zikawaka. Chipu inayomwambia mtu mwenye afya kwamba anaumwa ni mbaya sawasawa na inayomwambia mgonjwa kwamba hajambo, na hilo wakaguzi wasingehitaji kuelezwa.

Jumatano asubuhi Mhandisi aliingia na macho mekundu. Alizipanga zile chipu ishirini mbele ya Mama Pindo, akavuta kigoda, akaketi.

"Mama, nisaidie macho. Tafuta ufa, tafuta mkwaruzo, chochote. Mimi nadhani ni mchoro wangu. Mifereji inavujishiana."

"Na kama ni mchoro?"

"Nitamwambia Mkuu leo tuwaambie wakaguzi wasije. Nianze upya." Alijaribu kucheka. "Wewe usiwe na wasiwasi. Mkuu amesema matundu yako hayana doa. Utabaki kutoboa za majaribio mpaka nipate mchoro mwingine, hata ikiwa miaka mitatu mingine."

Alienda ukumbini kumtafuta Mkuu na kuipigia wizara simu. Mama Pindo akabaki na zile ishirini.

Alizitazama moja baada ya nyingine chini ya kioo. Hakuona ufa. Hakuona mkwaruzo. Alichoona kilimfanya aweke kioo chini na kufuta miwani, kisha akachukua tena. Alizijua. Fundi huujua mshono wake hata ukiuweka katikati ya mia, na yeye alizijua zile chipu: hii ilikuwa na kichembe kilichokataa kutoka, ile ukingo wake ulishika uzi wa mpira, hii nyingine aliipigania mpaka akakasirika. Zile zilizosafika kwa selotepu bila taabu hazikuwamo hata moja. Ishirini zote zilikuwa zile kaidi.

Na zile kaidi alizifanya nini?

Ndipo alipokikumbuka kikohozi chake. Kilikuwa kidogo, cha kuwashwa koo, alikuwa nacho tangu Alhamisi iliyopita na hakukipa heshima yoyote. Mumewe alikuwa mlinzi wa shule ya msingi, na wiki mbili nyuma mafua yaliwalaza nusu ya watoto. Mzee alirudi nayo nyumbani, akapiga chafya siku nne, akapona. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na Mama Pindo, aliyeishi na nguo maisha yake yote, alihisi jasho likimtoka chini ya kofia.

Tusijifanye kwamba alikimbia kusema ukweli. Alifikiria fundi wa tanuri na asante aliyopewa. Alifikiria cherehani chini ya shuka. Hakuna aliyeona, hakuna ambaye angejua, na kikohozi kingeisha kesho kutwa, chipu zingeacha kuwaka zenyewe, na kiti kingebaki chake. Alifikiria hayo yote, na aliyataka. Kisha akasikia sauti ya Mhandisi ukumbini ikisema kwenye simu, kwa upole mwingi, "Ndiyo, kosa ni langu," na moyo ukamchoma. Akapiga moyo konde, akasimama.

Mkuu alikuwa na kikombe mkononi. Mhandisi alikuwa bado ameshika simu.

"Kata hiyo simu, mwanangu," alisema Mama Pindo. "Mchoro wako hauvuji."

"Mama, usinifariji tafadhali."

"Sikufariji. Nimepuliza."

Mkuu aliweka kikombe juu ya kabati. "Umepuliza nini?"

"Chipu. Zile ishirini. Kichembe kikikataa, nashusha barakoa napuliza. Nimekuwa nikifanya hivyo siku zote, nadhani, ila zamani sikuwa na mafua." Alimeza mate. "Sasa ninayo."

"Kwa pumzi tu?" Mkuu hakuamini. "Pumzi ya mtu mmoja, mtu mwenyewe anatembea?"

Mhandisi alikata simu. Alikuwa ameshageuka. Alichukua chipu mbili mpya kutoka sinia la asubuhi, akazisafisha zote kwa selotepu mbele yao, akaiweka moja mbele ya Mama Pindo. "Puliza hii. Kama siku zote."

Ni jambo gumu kupuliza watu wakikutazama. Mama Pindo alishusha barakoa, midomo ikakataa, akacheka kwa aibu, kisha pumzi ikatoka, phuu, ndogo, ya kawaida kabisa. Mhandisi alizijaza zote mbili maji safi, akaziweka kwenye sahani ya joto, akageuza saa ya mchanga iliyokuwa dirishani.

Dakika ishirini ni nyingi. Jokofu lilinguruma, likanyamaza, likanguruma tena. Mkuu alikunywa chai yake iliyopoa. Mama Pindo alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, akijua kwamba anakikalia kwa mara ya mwisho, na alijikuta anaomba jambo la ajabu: anaomba iwake. Isipowaka, basi mwanawe yule amekosea kweli, miaka mitatu yote.

Mhandisi alizima taa ya darini, akawasha ile ya buluu. Chipu ya kushoto ilikaa giza. Ya kulia iliwaka kijani, hafifu lakini bila shaka.

Kwa uhakika zaidi alimpangusa Mama Pindo puani kwa kijiti, akajaza chipu ya tatu. Hiyo haikungoja hata dakika ishirini.

"Kwa hiyo haikukosea," alisema Mkuu polepole. "Hata mara moja. Siku tatu inatuambia ukweli, na sisi tunaiita mwongo." Kisha akamgeukia Mama Pindo, na maneno yake yakawa mengi kuliko kawaida. "Nenda nyumbani, mama. Siku saba. Kunywa maji, lala, usimkaribie mtu mzee wala mtoto mchanga."

"Na kiti?"

"Siku saba," alirudia Mkuu, asimtazame usoni.

Mhandisi alikuwa akiandika. Aliandika mpaka mwisho wa mstari, akaweka kalamu. "Nimekuambia mara ngapi?" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililouma. "Nimeandika ukutani. Siku tatu sijalala, nimejiona mjinga mbele ya kila mtu. Mara ngapi, mama?"

Mama Pindo akasimama. Alivua koti jeupe, akalikunja vizuri, akaenda.

Nyumbani alilala chumba cha nyuma, na mumewe akamletea chakula hadi mlangoni kama mlinzi anayelisha mbwa mkali. "Kwa hiyo mafua ni yangu?" aliuliza kutoka upande wa pili.

"Ni yako na ya watoto wako mia nne."

"Basi na sifa mtupe. Bila sisi msingejua kama kitu chenu kinafanya kazi."

Mama Pindo alicheka mpaka akakohoa. Alipokuwa peke yake alilia kidogo pia, siku ya pili na siku ya tatu, hasa kwa ajili ya lile "mara ngapi". Homa ilipanda usiku mmoja, ikashuka. Kufikia siku ya tano koo lilikuwa limepoa.

Siku ya sita mchana, Mhandisi alisimama nje ya dirisha la chumba cha nyuma, hatua mbili kutoka ukutani, barakoa usoni. Walisalimiana.

"Nilikuwa na hasira," alisema Mhandisi.

"Ulikuwa na haki."

"Bado ninayo kidogo."

"Kaa nayo, mwanangu. Haiozi."

Mhandisi alicheka, na mabega yakamshuka. Akasimulia. Aliwaeleza wakaguzi kila kitu, tangu chipu ya kwanza mpaka ile ya kulia. Mmoja aliguna. Mwingine, mwanamke mwenye mvi, aliweka kalamu chini akauliza: "Yaani imemkamata mtu kwa pumzi iliyokauka, mtu ambaye mwenyewe hakujua kwamba anaumwa?" Wakakaa hadi saa kumi. Chipu inakwenda vituoni mwezi ujao, vituo sita kwa kuanzia.

"Alhamdulillahi," alisema Mama Pindo, na furaha ikamjaa kifuani mpaka akashika fremu ya dirisha.

"Ila matundu, mama." Mhandisi alitoa kimfuko chenye chipu. "Tumemweka fundi mpya wa tanuri pale mezani. Jana peke yake amechana kumi na tisa. Mkuu amesema urudi Alhamisi. Sharti moja tu, na unalijua."

"Nalijua! Wallahi nalijua. Mimi na kupuliza tumeachana, talaka tatu. Siku sita hizi nimekaa humu nikijisema mwenyewe. Hata uji wa moto nimeungoja upoe."

"Basi hebu tazama hii, uniambie tunakosea wapi." Aliiweka chipu kwenye kizingiti cha dirisha, akarudi nyuma hatua mbili.

Mama Pindo alivaa miwani. Aliiinua chipu kwenye mwanga kwa vidole viwili, akaigeuza, na mwili wake wote ukatulia kama uliorudishwa mahali pake. "Anasukuma," alisema. "Mwambie asisukume, azungushe. Ona ukingo ulivyonyanyuka. Na tena anatoboa mpira ukiwa bado na joto la tanuri, angoje. Hapa kuna..."

Phuu.

Kichembe kiliruka, kikapotea kwenye mwanga wa jua.

Mama Pindo alibaki na chipu hewani. Hakuwa amehisi chochote. Ilikuwa imetoka kama mtu anavyopepesa jicho. Nje, Mhandisi alikuwa ametazama pembeni, kwenye kamba ya nguo, kwa bidii kubwa.

"Umeona," alisema Mama Pindo.

"Sijaona kitu, mama."

"Umeona."

"Nilikuwa natazama zile shuka. Alhamisi saa mbili, basi? Mkuu atafurahi." Sauti yake ilikuwa na haraka, karibu ya kuomba.

Mama Pindo aliirudisha chipu kwenye kizingiti, polepole, pale pale ilipokuwa. Alivua miwani. Machozi yalimjia na hakuyaficha. Kiti kile alikitaka, alikitaka hata sasa, na angeweza kukipata kwa kunyamaza tu, kwa kuwa kuna mtu aliyempenda kiasi cha kutazama shuka.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Atakuja mgonjwa huko kituoni, ataambiwa anaumwa kumbe ni mimi." Akajifuta kwa kiganja. "Nitafutie msichana ambaye hajawahi kushika ufundi wowote. Mlete kwangu mchana, na mipira mibovu. Mkono nitamfundisha mimi. Mdomo wake bado haujajifunza kitu."

Mhandisi alisogea hatua moja mbele, akakumbuka, akarudi. Kisha akauliza msichana aje mchana saa ngapi.